Kitanda cha Kofia

Simu ya vitanda ilikuwa nyeusi na nzito, mgongo wake umefungwa plasta kwa sababu ilishaanguka mara nyingi. Kila asubuhi daktari aliyeingia zamu kwenye wodi ya mahututi aliipokea kwa mwenzake aliyekesha, akaitia mfukoni, na raha yake ikaishia hapo. Hospitali nzima ilimpigia: wodi ya watoto, wodi ya wazazi, chumba cha upasuaji, mapokezi ya dharura. Wote walitaka kitu kimoja. Na vitanda vyenye mashine za kupumulia vilikuwa vichache, wala havikuwahi kulala vitupu.

Hivyo ndivyo Kipa alivyosomea ubingwa. Vitabu vilikuwepo, na mitihani pia, lakini sehemu kubwa ya masomo ilikuwa kusimama katikati ya chumba kile na simu sikioni, akimwambia mtu aliyekata tamaa kwamba hakuna nafasi. Mama yake hakuelewa mpaka leo. "Mwanangu, udaktari ulisoma ukamaliza. Ukaajiriwa, tukala sherehe. Sasa umerudi shule kusomea nini?"

"Wagonjwa mahututi, mama."

"Kwani wale wa mwanzo hawakuumwa vya kutosha?"

Mume wa Kipa aliyachukulia kwa mzaha, naye alimshukuru kwa hilo, maana mzaha ulikuwa bora kuliko yale mengine ambayo angeweza kuyasema. Asubuhi hiyo alikuwa amemtumia ujumbe: "Kuna mwanamke kapita chumbani alfajiri kachukua viatu. Ukimwona mwambie wanawe wanamsalimu."

Jina la Kipa alipewa na mgonjwa. Mzee wa kitanda cha tano alikuwa mwamuzi wa mpira tangu ujana wake, na hata baada ya kustaafu watu wa mtaani kwake walimwita Refa. Aliletwa na homa ya mapafu iliyomfunga kifua chote, akalala na bomba kooni siku nyingi, na jana tu bomba lilikuwa limetolewa. Sauti yake ilikwaruza kama bawaba kavu, lakini alianza kuitumia hapo hapo. Nesi mkuu, ambaye wodi nzima ilimwita Mama Kengele kwa sababu alijua ni mashine gani inalia hata akiwa chumba cha chai, Refa alimfanya kuwa mshika kibendera. Daktari aliyesimama mlangoni na simu, akizuia watu wasiingie, akawa Kipa. Jina likashika kabla ya chakula cha mchana.

Profesa alipopita kitandani kwake jana alisikiliza kifua, akamwambia akohoe, akatikisa kichwa. "Mapafu yamepona," aliwaambia wanafunzi wake. "Kikohozi bado. Huyu hana nguvu ya kutoa makohozi yake mwenyewe. Akiondoka hapa mapema yatamzamisha. Asiguswe mpaka niseme." Kisha akasafiri kwenda kufundisha kwingine.

Ndipo ikaja siku hii.

Daktari aliyekesha alimkabidhi simu huku macho yamemvimba. Vitanda vyote vilikuwa na watu ila cha nne, na cha nne kilikuwa na kofia.

Kofia hiyo ilikuwa ya kitambaa cha buluu, ya kuvaa chumba cha upasuaji. Mwenyewe alikuwa daktari mpasuaji waliyempa jina la Chuma, mtu wa maneno machache na mikono iliyosifiwa hadi nje ya mipaka. Kila siku aliyokuwa na upasuaji mkubwa, msaidizi wake alishuka asubuhi na mapema akaweka kofia juu ya mto, kama abiria anayetupia leso kwenye kiti. Hakuna aliyekumbuka desturi ile ilianzaje. Manesi walifanya utani nayo.

"Mgonjwa wa nne aliamkaje?" Kipa aliuliza.

"Mzima kabisa," alisema Mama Kengele. "Hana homa, hasumbui, hakojoi. Wangekuwa wote kama huyo ningestaafu nikiwa na magoti yangu."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka, na kazi ikaanza. Walizunguka vitanda. Wakabadilisha dawa, wakageuza watu waliolala kama magogo, wakapima hiki na kile. Refa alikuwa ameketi ameegemea mito, mkewe akimlisha uji kijiko kwa kijiko. Alikuwa mama mnene, mtulivu, aliyewaita madaktari wote "mwanangu" hata waliomzidi umri.

Simu ikalia. Alikuwa mkunga wa wodi ya wazazi.

"Kipa, nina binti hapa. Kifafa cha mimba. Tumemtoa mtoto kwa upasuaji, mtoto analia vizuri, mama ndiye hatuko naye. Kifafa hakikatiki. Tumempa dawa mpaka pumzi nayo imelala. Namsukumia hewa kwa mkono."

"Mkono wa nani?"

"Wangu. Na umeshaanza kufa ganzi."

"Umri?"

"Mdogo. Ni wa kwanza huyu."

Kipa alisema subiri, akageuka akaangalia chumba. Alijua atakachokiona, lakini aliangalia tu. Kila kitanda kilikuwa na mtu, na kila mtu alikuwa na mashine iliyokuwa ikimpulizia hewa, isipokuwa wawili: Refa, ambaye alivuta oksijeni kwa mrija wa puani, na kofia. Alipiga chumba cha upasuaji kwa simu yake mwenyewe. Sauti ya upande wa pili ilimjibu kwamba Chuma ameshaanza, tumbo liko wazi, kitanda chake kisiguswe. Akampigia Profesa. Simu ikaita mpaka ikachoka.

Akaenda kwa Refa.

"Mzee, hebu kohoa kidogo. Kwa nguvu zako zote."

Refa aliweka mkono kifuani, akavuta hewa, akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyotaka ifunguliwe. Kitu kilisikika kikitikisika ndani kabisa, kikabaki huko huko.

"Vizuri," alisema Kipa.

Mama Kengele alikuwa nyuma yake. "Vizuri?"

"Vizuri."

"Mimi nimesikia. Sijui wewe umesikia nini."

"Nimesikia kinachotosha kumpeleka wodi ya wanaume."

Mama Kengele alimtazama kitambo. Angeweza kumkumbusha maneno ya Profesa, na hakufanya hivyo, maana mkunga alikuwa bado hewani na wote wawili walimsikia akihesabu pumzi. "Haya," alisema, akaanza kukunja shuka.

Lililomuuma Kipa zaidi ni furaha ya mke wa Refa. Alipoona mumewe anahamishiwa kiti cha magurudumu alidhani ni habari njema, na kwani angedhani nini? Mtu akitolewa kwa mahututi akiwa hai, amepona. Alikusanya kikombe, kanga na chupa ya maji huku midomo yake ikienda kwa shukrani.

"Ameshavuka, mwanangu?"

"Anaendelea vizuri, mama," alisema Kipa, na sauti yake mwenyewe ilimfikia masikioni ikiwa laini mno, ile sauti waliyofundishwa kuzungumza na ndugu za wagonjwa.

Refa naye alikuwa akimwangalia. "Nimetolewa nje ya uwanja?"

"Unahamia chumba chenye dirisha."

"Mechi haijaisha, Kipa."

"Najua, mzee."

Walimsukuma akaondoka, na kabla godoro halijapoa binti wa kifafa aliingia, uso umevimba, mkunga akitembea pembeni ya kitanda na kubana mfuko wa hewa kwa mikono miwili. Kwa saa zilizofuata Kipa hakuwa na nafasi ya kumwaza mtu mwingine. Aliweka mashine, akapanga dawa, akashusha shinikizo la damu taratibu, lisiporomoke. Kazi ile aliijua. Mikono yake ilikwenda yenyewe wakati kichwa kikisinzia, na mchana ulipofika kifafa kilikuwa kimekatika na binti amelala, kifua kikipanda na kushuka kwa mwendo wa mashine. Mkunga alikuja kuchungulia, akakaa sakafuni karibu na mlango, akajikanda mkono wake.

"Umemwokoa," alisema.

"Bado," alisema Kipa. Hakutaka kuyasikia maneno yale.

Mwenzake wa zamu ya mchana alikuja. Naye alikuwa mwanafunzi wa ubingwa, kijana mrefu aliyeinama kwenye kila mlango, na wote walimwita Mrefu. Alipokea simu ya vitanda kwa vidole viwili, kama mtu anayepokea panya.

"Nani katoka?"

"Refa."

"Profesa si alisema..."

"Alikuwa anakohoa vizuri," alisema Kipa. Haikuwa mara yake ya kwanza kusema hivyo siku ile, na safari hii ilitoka kwa urahisi zaidi.

Alivua koti. Alikuwa huru kwenda nyumbani, kula, kuoga, kuwaona wanawe wakiwa macho. Alishuka ngazi hadi chini, akafika mlangoni, jua likampiga usoni. Akasimama. Kisha akageuka akaelekea wodi ya wanaume. Nitachungulia tu, alijiambia.

Wodi ya wanaume ilikuwa ndefu na vitanda vimebanana. Wagonjwa walikuwa wengi na nesi alikuwa mmoja, tena alikuwa upande wa mwisho akifunga kidonda. Refa alikuwa karibu na dirisha kama alivyoahidiwa. Alikuwa ameketi ameinama mbele, mikono imeshika magoti, jasho likimtiririka hadi kwenye ndevu. Mkewe alikuwa akimpepea kwa kanga.

"Ni joto tu," mkewe alisema alipomwona. "Hiki chumba kina joto."

"Refa."

"Ki... pa." Neno lilikatika katikati kutafuta hewa.

Kipa hakuhitaji kuweka kifaa kifuani. Mngurumo ulisikika toka alipokuwa amesimama. Makohozi yalikuwa yamejaa, na kifua kilikuwa kimechoka kuyasukuma. Aliongeza oksijeni, akamgeuza ubavu, akampigapiga mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe. Akamwita nesi alete mashine ya kufyonza. Ilikuwepo moja, na ilivuta kama mtoto anayenyonya pipi. Alipitisha mpira puani, akapata kidogo, akarudia, akapata kidogo. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilipanda, kikakaa, kikaanza kushuka tena. Mkewe alikuwa ameacha kupepea.

Kipa alitoa simu yake mwenyewe na kupiga namba ya vitanda.

"Wodi ya mahututi, hatuna nafasi," alisema Mrefu.

"Ni mimi."

"Dada, hata kwako hatuna."

"Refa anashindwa."

"Si wewe uliyeniambia anakohoa vizuri?"

"Ni mimi."

"Sasa?"

"Sasa nakwambia kweli: nilikudanganya. Niambie kitanda cha nne kikoje."

"Kina kofia."

"Na kichwa?"

"Kichwa bado hakijaja. Lakini usiniingize humo. Chuma kasema akikuta mtu hapo atanila nyama. Na mwezi ujao yeye ndiye anayekaa kwenye meza ya mtihani wetu, mimi na wewe."

"Usikiguse. Naenda kwake."

Alimwachia nesi maelekezo, akamwambia mke wa Refa amshikilie mumewe asilale chali, akapanda ngazi kwa sababu lifti ilikuwa ikingojwa na watu wengi. Miguu ilikuwa mizito. Njiani alijaribu kupanga maneno na kila alilolipanga lilikuwa na kona ya kujifichia: kwamba hali imebadilika ghafla, kwamba wodi haina mashine nzuri, kwamba mzee alikuwa vizuri asubuhi. Yote yalikuwa na chembe ya kweli. Chuma ndiye angemtahini, na mtu aliyekwenda kinyume na Profesa wake ili atoe mgonjwa asiyekuwa tayari hakuwa na la kujitetea mbele ya meza ile.

Alimkuta kwenye korido ya upasuaji, barakoa imening'inia shingoni, anakunywa maji kwenye chupa. Upasuaji ulikuwa umekwisha.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Kitanda changu kipo?"

"Kipo. Mgonjwa wako anaendeleaje?"

"Ameamka. Anapumua mwenyewe, yuko chumba cha kupumzikia." Chuma alifunga chupa. "Nitamweka huko hadi jioni nione. Kitanda kikae."

"Nakiomba."

"Kwa nani?"

"Refa. Yule mzee wa homa ya mapafu. Yuko wodi ya wanaume, anazama."

"Nani alimpeleka wodi ya wanaume?"

"Mimi. Nilihitaji nafasi ya binti wa kifafa cha mimba."

Chuma alimwangalia vizuri kwa mara ya kwanza. "Alikuwa tayari kutoka?"

Hapo ndipo palikuwa na kona zote. Kipa alikuwa amechoka mno kuingia hata moja.

"Hapana."

"Ulijua?"

"Nilimsikia akikohoa. Nilijua."

"Sasa unataka kitanda changu kifunike kosa lako."

"Nataka kimpokee Refa. Kosa nitabaki nalo mwenyewe."

Mhudumu alipita na ndoo, wakampisha. Chuma aliegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza Kipa aliona kwamba naye amechoka, kwamba miguu yake imevimba ndani ya viatu vyake vya mpira. "Unajua kwa nini naweka kofia?" alisema. "Watu wanadhani ni maringo. Nimewahi kuahidiwa kitanda na mtu mwenye simu kama yako, mpole, mwenye huruma. Nikamaliza kushona, nikashuka na mgonjwa, nikakuta kimeshapewa mwingine aliyehitaji zaidi. Wangu akafia hapo kwenye lifti. Toka siku hiyo simwamini mtu mwenye huruma."

Kipa alikuwa bado akisikia ule mngurumo wa kifua cha Refa.

"Mchukue," alisema Chuma. "Lakini yule wangu akianza kuvuja damu usiku huu simpigii huyo Mrefu. Nakupigia wewe, na wewe utanitafutia mahali. Popote."

"Sawa."

"Na haya uliyoniambia, utamwambia Profesa wako kabla sijamwambia mimi."

"Sawa, daktari."

Walimsukuma Refa kurudi wodi ya mahututi, Kipa upande mmoja, Mrefu upande wa pili, ameinama kushika mtungi wa oksijeni. Mama Kengele alikuwa ameshatupa kofia juu ya kabati na kutandika shuka. Refa alikuwa bado macho. Kipa aliinama karibu naye.

"Mzee, nahitaji kulirudisha bomba."

Refa alitikisa kichwa kukataa. Alilijua bomba.

"Bila hilo hufiki jioni. Nikilirudisha, mashine itakupumzisha, tutakutoa makohozi, tutajaribu tena."

"Wewe... uli... sema..." Hakuweza kumaliza, lakini Kipa alijua ni lipi alilosema. Ni lile la vizuri, alilolisema tangu asubuhi kwa kila aliyeuliza.

"Nilisema. Haikuwa kweli. Hili ni kweli."

Refa alimtazama mpaka Mama Kengele akaanza kusogeza trei kwa kelele. Kisha akafumba macho, akainua kidole kimoja kutoka kwenye shuka, kwa kuchoka, kama anayeruhusu mpira uchezwe. Kipa alimpa dawa ya usingizi. Bomba liliingia mara ya kwanza. Mashine ikashika mwendo, na makohozi yakaanza kutoka, mazito, ya kijani, mengi kuliko alivyofikiri. Mrefu alimgusa Kipa bega akarudi kwenye simu, iliyokuwa ikilia.

Mke wa Refa alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, vitu vyake vyote mapajani: kikombe, kanga, chupa. Mwanga wa jioni ulikuwa umefika kwenye korido. Kipa alikaa pembeni yake, si kwa sababu walifundishwa kukaa, bali kwa sababu kusimama kulimshinda.

"Yuko hai," alisema. "Amerudi kwenye mashine. Atakaa siku nyingi tena, na sasa itakuwa vigumu kuliko mwanzo. Sijui kama atatoka. Nadhani atatoka, ila sijui."

"Alikuwa amevuka."

"Hakuwa amevuka, mama. Nilimtoa mapema. Nilijua ni mapema."

Mikono ya mama yule ilikuwa ikizungusha kifuniko cha chupa, kufunga na kufungua.

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na mwingine aliyehitaji mashine saa ile ile."

"Yule binti aliyelala kitanda chake?"

"Huyo."

"Ana watoto?"

"Amejifungua leo. Mtoto wa kwanza."

Mke wa Refa aliangalia mlango wa wodi. Kutoka pale benchi hawakuona kitu ila kioo cheupe, lakini mashine zilisikika, nyingi kwa pamoja, na hapakuwa na namna ya kujua ipi ni ya nani.

"Usiniambie jina lake," alisema mwishowe. "Mwanangu, nakuomba. Nitakuwa nakaa humo ndani kila siku, kitanda na kitanda. Nikijua jina lake nitaanza kumwombea mabaya, na nikimwombea mabaya sitaweza kumwombea mema mzee wangu. Acha awe mtu tu."

"Sitakwambia."

"Na wewe usiniambie tena anaendelea vizuri."

"Sitasema."

"Utaniambia nini sasa?"

Kipa alifikiri. Alikuwa na maneno mengi aliyofundishwa, yenye mpangilio mzuri, na hakuna hata moja lililokuja. "Nitakwambia alivyokohoa," alisema. "Kila siku. Na wewe utamsikia mwenyewe."

Mama yule alikubali kwa kichwa, bila kumsamehe na bila kumfukuza. Alisogeza kikombe na kanga kutoka mapajani, akaviweka kwenye nafasi iliyokuwa katikati yao. Wakakaa hivyo, kila mtu upande wake, mpaka Mama Kengele alipofungua mlango kumwita mmoja wao aingie, naye Kipa akabaki ameketi, akamwacha mke atangulie.